Baraza Kabla ya Bidhaa: Tarehe ya Tijara Katika Ufuko wa Kalemie

Mwezi wa Machi mwaka 1858 John Hanning Speke, afisa wa Kiingereza ambaye mwenzake Richard Burton alikuwa amelala mgonjwa huko Ujiji, alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi akiuelekea ufuko wa magharibi, nchi ya Uguha, kwa haja moja tu, nayo ni kukodi jahazi. Jahazi hilo lilikuwa mali ya Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa akikaa katika kisiwa cha Kasenge, upande wa kaskazini wa mahali ulipo leo mji wa Kalemie. Njiani, usiku mmoja wa dhoruba, mdudu alimwingia Speke sikioni, naye katika kujaribu kumtoa kwa ncha ya kisu akajijeruhi hata akawa kiziwi wa sikio hilo kwa miezi mingi. Sheikh alimpokea kwa heshima zote za watu wa pwani: alimpa nyumba ya kulala, akamlisha, akaketi naye, akamsimulia habari za mito na nchi za pande zote za ziwa. Lakini jahazi Speke hakulipata kwa wakati alioutaka, kwa kuwa mabaharia walikosekana na sheikh mwenyewe alikuwa na safari yake ya kwenda Uruwa kununua pembe. Basi akarejea Ujiji mikono mitupu, na Burton akaandika kwamba mwenzake hakufanya lolote.

Hukumu hiyo ya Burton ni kali kupita haki. Kwa desturi ya ziwa, kazi iliyofanyika Kasenge ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika kila muamala: mgeni ameketi, ameonekana, amesikia habari za wenyeji na wenyeji wamesikia habari zake. Kilichobaki ni muda, nao Speke hakuwa nao. Laiti angekaa misimu miwili, kama walivyokaa waungwana wa Ujiji na Unyanyembe, huenda jahazi lingekuja lenyewe bila ya kuombwa mara ya pili. Nimeianza tarehe hii kwa kisa hicho kwa sababu katika ufuko huu wa magharibi, tangu siku za misafara mpaka siku hizi za simu za mkononi, sijaona tijara hata moja iliyosimama kwa bidhaa pekee yake. Zote zilizosimama zilitanguliwa na mazungumzo, na zilipata wateja wao wa mwanzo katika hadhara ya watu ambao walikuwa wakikutana tangu zamani kwa haja zao wenyewe, si kwa haja ya muuzaji.

Tuanze na soko la Ujiji, maana ndilo lililoulisha ufuko wetu kabla Kalemie haijawa na jina. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, mwaka ule ule alioukuta mlango wa mto Lukuga, alieleza jambo ambalo kila mwenye kutaka kuanzisha biashara angefaa kulizingatia. Fedha ya soko ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, vipande vifupi mfano wa shina la kiko lililovunjika. Asubuhi, soko linapofunguliwa, walikuwapo watu waliobeba mifuko iliyojaa sofi, wakiwapa wanunuzi ushanga huo kwa kubadilishana na mali nyingine waliyokuja nayo. Jioni, soko linapofungwa, watu hao hao waliupokea ushanga wao kutoka kwa wauzaji, wakapata faida asubuhi na faida jioni. Mtu wa namna hiyo hakuuza samaki wala mafuta ya mawese wala chumvi ya Uvinza. Alikaa pale penye njia panda ya haja za wengine, akajua nani anatafuta nini, na kila siku watu wote wa soko walipita mkononi mwake mara mbili. Jambo hili lisingewezekana kwa mtu asiyejulikana, kwa kuwa anayekubali kupokea vipande vya ushanga badala ya mbuzi wake yampasa awe na yakini kwamba jioni atamkuta mwenye mfuko palepale alipomwacha.

Yakini hiyo ndiyo iliyokuwa rasilimali kubwa ya bara, na ilitembea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kama moto wa kuazima. Mali iliyofika Uguha, ikiwa ni merikani au kaniki au bunduki, kwa aghalabu haikuwa mali ya yule aliyeifikisha. Ilitoka Unguja kwa mkopo, katika maduka ya wenye fedha wa Kihindi; Taria Topan, aliyekuwa tajiri mkuu wa forodha ya Sultani, ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mitaji ya safari zake. Kutoka kwa tajiri mali ilikwenda kwa mwenye msafara, kutoka kwake ikaenda kwa wakala wa Unyanyembe au Ujiji, kutoka kwa wakala ikavuka ziwa kwa mtu mdogo aliyeichukua mali kauli, naye aliirejesha kwa pembe baada ya mwaka au miaka miwili. Hapana kadhi wala askari aliyeweza kumfuata mdeni hadi Manyema. Kilichomfuata ni maneno: barua zilizopelekwa na misafara, salamu zilizobeba habari ndani yake, na baraza za kila kituo ambako jina la mtu lilifika kabla ya miguu yake. Aliyedhulumu Ujiji alikuta Unyanyembe imekwisha sikia.

Huku ng'ambo, katika Mtowa, bandari ya mitumbwi na majahazi iliyokuwa mlango wa kuingilia Manyema, hali ilikuwa hiyo hiyo ila ngumu zaidi, kwa sababu hapa mgeni alikutana na watawala wa Kiguha, ambao kizazi chao leo ndio Waholoholo, na watu hawa hawakufungwa na sifa ya mtu yeyote huko Unguja. Kwao dhamana ilipatikana kwa undugu wa kuchanjiana. Wawili waliketi mbele ya mashahidi, wakachanjwa chale, wakaonja damu ya kila mmoja wao, wakatamka laana itakayomshika atakayevunja ahadi. Baada ya hapo mgeni akawa na ndugu, na ndugu wa ndugu yake wakawa watu wa kumpokea katika kila kijiji. Msomaji wa leo huiona desturi hii kuwa ya kutisha, lakini mwenye kuitazama kwa makini ataona ilivyokuwa na hekima: ilimpa mgeni njia ya kuingia katika jamaa iliyokwisha kuwapo, na kwa mashahidi wale wale ikamweka chini ya macho ya jamaa hiyo, ili faida yake na adabu yake visitengane.

Hata maadui wa biashara ya watumwa hawakuweza kuishi nje ya mfumo huo. David Livingstone alipovuka kutoka Ujiji mwezi wa Julai 1869 kwenda Manyema, alisafiri pamoja na Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akala chakula chake na kuuguzwa naye. Wamisionari wa London Missionary Society, waliofika Ujiji mwaka 1878 na kuanza kituo karibu na Mtowa mwaka 1879, walitazamwa kwa shaka kubwa na wakubwa wa Ujiji, na aliyedumu zaidi miongoni mwao, baharia Edward Hore, alidumu kwa kuwa alizunguka ziwa kijiji kwa kijiji, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wa fuko zote wakaijua mashua yake.

Lakini nitakuwa nimewadhulumu waliokufa kama nitaisifu baraza ya zamani na kunyamazia yale yaliyopangwa ndani yake. Uaminifu uliopatikana kwa maneno uliweza pia kuibwa kwa maneno. Tippu Tip mwenyewe amesimulia, katika kitabu cha maisha yake, jinsi alivyopata usultani wa Utetera: alisikia habari za binti wa ukoo wa mfalme wa huko aliyetekwa zamani, akajidai kuwa ni mjukuu wa binti huyo, na mfalme mzee Kasongo Rushie, kwa furaha ya kumpata jamaa aliyepotea, akamwachia enzi. Kwa hadithi moja iliyosimuliwa vizuri katika hadhara iliyokuwa na kiu ya kuisikia alipata nchi nzima na pembe zake. Upande wa kusini wa Kalemie, huko Mpala, Luteni wa Kibelgiji Emile Storms, aliyejenga kituo chake mwaka 1883, alichanjiana undugu na mtawala Mpala, akaingia kwa undugu huo katika ugomvi wa wenyeji, na mwaka 1884 watu wake wakamwua Lusinga, mtawala hasimu, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji ambako fuvu lake liliwekwa katika majumba ya elimu. Huyu mwenye pembe na yule mwenye bendera walijifunza somo moja, kwamba anayekubaliwa katika hadhara ya watu hupewa funguo za nyumba zao, na wote wawili walizitumia funguo hizo kwa wizi.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kadiri bunduki zilivyozidi, ndivyo mazungumzo yalivyopungua. Vijiji vya Uguha na Marungu vilijizungushia maboma, watu wakahama njia kuu, na mgeni aliyekuja kwa salamu alidhaniwa kuwa mpelelezi wa wateka watu. Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na jumuiya ya Wabelgiji wa kupinga utumwa, alipojenga ngome ya Albertville, jina la Kalemie katika enzi ya Wabelgiji, mwishoni mwa mwaka 1891 na mwanzo wa 1892, alijenga juu ya ufuko ambao baraza zake zilikwisha kuvunjika. Na ngome yenyewe ilishambuliwa mwaka huohuo wa 1892 na watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan el Barwani, mkubwa wa Ujiji. Vita vya Waarabu na Dola Huru ya Kongo vilipokwisha mwaka 1894, njia ya Mtowa ilikuwa imekufa.

Mji uliouzaa upya mkutano wa watu ni mji wa reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, ilifika Albertville mwaka 1915, mwendo wa kilomita 273. Basi kati ya mwisho wa reli moja na mwanzo wa nyingine ikabaki safari ya meli, na mji wetu ukawa mahali pa kupakia na kupakua mali ya nusu ya Afrika ya kati. Walikuja makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wachimbaji wa makaa ya mawe ya bonde la Lukuga, wenye maduka wa Kigiriki na Kihindi, na baadaye, baada ya Vita vya Pili, wafumaji wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Serikali ya kikoloni iliwapanga Waafrika katika mtaa wao, ikawaamrisha saa za kulala na vibali vya kutembea, wala haikuwaachia uhuru wa kujenga taasisi zao za biashara.

Waliokatazwa kujenga taasisi walijenga vikundi. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanzia pwani ya Kenya na kusambaa kwa misafara ya wapagazi na askari hata katika miji ya Tanganyika na Katanga, havikuwa vyama vya kucheza tu. Vilikuwa na vyeo, daftari, michango ya mazishi, na wajibu wa kumpokea mwenzao aliyeshuka ugenini. Vivyo hivyo vilikuwa vyama vya watu wa kabila moja, jumuiya za kanisa, na likelemba, ambamo watu kadhaa wanaoaminiana huchanga kila mwezi na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Fundi cherehani aliyetaka kufungua kazi yake mtaani hakuwa na benki ya kumkopesha wala gazeti la kumtangaza. Alikuwa na zamu yake ya likelemba iliyomnunulia mashine, na wanachama wale wale ndio waliokuwa wa kwanza kumletea vitambaa, kwa kuwa mashine ile kwa nusu ilikuwa mali ya mifuko yao, na kufaulu kwake kulikuwa kurudi kwa fedha yao. Mpango huu naustaajabia. Mtaji na mteja vilitoka katika chungu kimoja, na mtu hakuweza kuvipata bila ya kuchanga kwanza, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya mashine za wengine.

Sasa niseme habari za samaki, kwa maana ndiyo riziki ya Kalemie, na katika tijara hii jambo ninalolieleza huonekana wazi kuliko penginepo. Wazee wa ziwa walivua ndagala, yaani dagaa, usiku wa giza kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye omo la mtumbwi, wakiwachota kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta meli na nyavu kubwa za kuzungushia, na wakati uo huo, kuanzia ufuko wa Burundi, ukaenea wavu wa kunyanyua, unaotundikwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na kumulikwa kwa taa za karabai. Wavu wa namna hii ni ghali, unataka watu kadhaa, unataka mafuta ya taa kila usiku; si jambo la kujaribu kwa kubahatisha. Ulizifikiaje basi fuko zote za ziwa, ukiwemo wetu?

Ulienea kwa mbalamwezi. Ndagala huvutwa na taa gizani tu. Mwezi unapokuwa mkubwa taa haifai kitu, na wavuvi hukaa nchi kavu takriban wiki nzima, wakishona nyavu, wakiziba mitumbwi, wakinywa, wakibishana. Katika siku hizo mvuvi wa kambi moja huitembelea kambi nyingine, na mtu wa Kigoma au wa Uvira au wa Moba aliyelala ugenini husimulia alichokiona kwao. Yule aliyenunua wavu mpya alitazamwa mwezi mzima na wenzake, ambao walihesabu mabeseni yake kila alfajiri bila ya kumwuliza. Mbalamwezi ilipofika waliuliza, naye akajibu, akaonyesha jinsi ya kufunga kamba, akataja fundi aliyemshonea na mtu aliyemkopesha. Kila mwezi ulileta mkutano, na kila mkutano ulileta wanunuzi wapya wa nyavu na taa. Mwenye duka aliyejua kalenda hii, akaenda ufukoni na taa zake mbalamwezi inapoanza, akaketi na kusikiliza malalamiko ya utambi na ya kioo kinachopasuka, aliuza. Na yule aliyengoja wateja dukani mwake mjini alingoja sana.

Kadhalika upande wa kuuza. Ndagala waliokaushwa juu ya mchanga walipakiwa magunia kwa magunia katika mabehewa, wakaenda Kabalo na kusini kwenye miji ya migodi ya Katanga. Mama aliyenunua ufukoni hakumjua mlaji wa Likasi wala Kolwezi. Alimjua mama mwenzake wa kule, dada wa kanisa moja au binti wa kijiji kimoja, aliyempelekea gunia la kwanza kwa mtu wa treni, pamoja na salamu. Gunia la kwanza aghalabu lilikuwa karibu na zawadi. Jawabu liliporejea, kwamba samaki walikuwa na mchanga mwingi, au kwamba watu wa kule wanawapenda wakavu zaidi, huyu wa Kalemie alibadili namna ya kuanika kabla ya kutuma la pili. Maneno hayo yaliyorejea na treni yalikuwa na thamani kuliko bei ya gunia, na wale waliokasirika kwa kuyasikia hawakudumu katika kazi.

Mwezi wa Agosti 1998 Kalemie ilitekwa na waasi wa RCD, treni zikasimama, na ufuko ukatengwa na miji uliyokuwa ukiilisha. Katika mashariki yote ya Kongo miaka hiyo ilikuwa miaka ya foni, zile redio za upepo zilizowekwa katika vyumba vidogo vya mjini, ambako mtu alilipa, akangoja zamu yake, kisha akapaza sauti mbele ya wote waliokuwa wakingoja. Hapakuwa na siri. Bei ya mahindi ya ng'ambo, habari ya mashua iliyozama, jina la mtu aliyekula fedha ya mwenzake, vyote vilisikiwa na chumba kizima pamoja na wote waliokuwa kwenye masafa yale yale. Vita vilikuwa vimevunja karibu kila kitu, na bado chumba cha foni kilifanya kazi ya baraza ya Mtowa: mtu asiye na bidhaa alikaa humo kutwa kusikiliza, na jioni alijua ni nani anahitaji chumvi na ni nani anayo.

Simu za mkononi zilianza kuenea nchini Kongo tangu mwaka 2000 na mitandao ya Celtel na kisha Vodacom. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzia Kenya mwaka 2007, ilifika Kongo mwaka 2012. Na mwaka 2015 Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, likakusanya maofisa, wanafunzi na watu wa misaada waliokuja na simu zao. Hivyo baraza ikahamia ndani ya kiganja. Lakini kabla ya kuyasema ya Kalemie, inafaa kutupa jicho Kenya, ambako kuna kisa ambacho mtu yeyote anayetafakari juu ya kuanzisha jambo jipya katika hadhara ya mtandaoni hana budi kukijua.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 ghasia zilizuka na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Mwanasheria Ory Okolloh, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ameandika mtandaoni juu ya siasa za nchi yake na kujibizana na wasomaji wake, aliwaandikia mwanzoni mwa Januari 2008 akiuliza kama yupo fundi anayeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Mafundi walijitokeza, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, na kwa muda wa siku chache tu Ushahidi ikawa imesimama, ikipokea habari za watu wa kawaida. Siku chache! Wengi huisimulia habari hii kwa kusifu wepesi wa mafundi. Mimi nasifu miaka iliyotangulia, ambayo ilimfanya mwandishi mmoja aaminiwe na watu kiasi cha wao kuacha kazi zao usiku kucha kwa ombi lake. Mwaka uo huo wa 2008 programu ile ile ilitumiwa kukusanya habari za vita vya mashariki ya Kongo, na mwaka 2010 ikatumiwa katika tetemeko la ardhi la Haiti. Na katika kisa hicho hicho mna upande wa pili: Kobia ndiye aliyekuwa mwenye Mashada, uwanja mkubwa wa mazungumzo ya Wakenya mtandaoni, ambao katika siku zile ulijaa matusi ya kikabila hata ikambidi aufunge, akafungua mahali pengine pa watu kutangaza kuwa hawana kabila. Mkono uleule ulijenga hadhara moja na kuifunga nyingine ndani ya mwezi mmoja.

Huku Kalemie makundi ya WhatsApp yalizaliwa kama yalivyozaliwa mahali pengine: ya waumini wa parokia, ya waliosoma shule moja, ya wenye boti za kuvuka kwenda Kigoma, ya mama wauza samaki. Ndani yake hupita picha ya mafungu ya vitenge, ya paneli za jua, ya taa za betri ambazo zimeanza kuzifukuza karabai ziwani. Anayeanza jambo jipya, iwe kusafirisha vifurushi, kukodisha pikipiki, kuuza barafu kwa wavuvi, haanzi tena kwa kupanga chumba. Anaanza kwa kuandika, «Jambo yenu, wandugu», na kuweka picha. Na jawabu la kwanza, kabla ya kuulizwa bei, mara nyingi ni swali lisilobadilika: «Huyu nani anamujua?» Akitokea mmoja wa kundi akasema, «Mimi ninamujua, ni mutoto wa mzee fulani wa pale Lubuye», mazungumzo huendelea. Asipotokea mtu, picha hupita na kuzikwa chini ya picha nyingine, hata kama bidhaa ni njema na bei ni rahisi.

Wapo vijana wanaolikasirikia swali hilo, wakiliona kuwa ni ukale unaozuia maendeleo, na ukali wao una sehemu ya haki, kwa maana mtu aliyekimbia vita vya Nyunzu au Manono akafika mjini bila ya mjomba wala padri wa kumtaja hukuta milango imefungwa katika simu kama ilivyofungwa mtaani. Hilo ni kosa la kweli la baraza, nalo ni la zamani. Undugu wa kuchanjiana ulibuniwa kwa ajili ya watu kama hao, na sisi hatujabuni badala yake. Lakini mwenye kusoma tarehe ya ufuko huu hataliita swali lenyewe kuwa ni ukale. Yuko mtu aliyelikwepa kwa kujitungia bibi huko Utetera, na yuko aliyelikwepa kwa undugu wa uongo huko Mpala. Na katika makundi ya leo wapo wanaokopa picha za bidhaa za watu, wakapokea malipo kwa simu, wakabadilisha namba. Kila mmoja wa hao akipita, kundi zima huwa zito la kusikiliza, na anayelipa gharama ni kijana wa kweli atakayeandika salamu zake kesho.

Nimeona waliofaulu katika makundi haya, na kazi yao ya kwanza haikuwa kuuza. Mmoja, muuza taa, alikaa katika kundi la wavuvi kwa muda mrefu akieleza tu namna ya kutunza betri isiharibiwe na maji ya ziwa, bila ya kutaja duka. Wengine wakimletea swali la betri walizonunua kwa mtu mwingine, alijibu vilevile. Kundi likamzoea. Alipokuja kusema kwamba ameleta taa zake mwenyewe, ilikuwa mwezi umeanza kuwa mkubwa, wavuvi wako nchi kavu na simu ziko mikononi, na walioandika majina yao siku hiyo walikuwa ni wale wale waliokwisha kumwuliza maswali. Tatu katika taa za mwanzo zilirudi na kasoro ya kifungo. Alizibadilisha na kulitangazia kundi zima kasoro hiyo mwenyewe, na mzigo uliofuata aliuagiza kwa fundi mwingine.